Habari za mtandaoni hazikuanza bure

Kila gazeti linapofunga habari zake za mtandaoni na kudai malipo, malalamiko huwa yale yale. Yalisikika Kenya Februari 2021, Nation Media Group ilipoanza kuwatoza wasomaji wa tovuti yake, na husikika kila msomaji anapobofya kichwa cha habari kilichomvutia akakuta anatakiwa kulipa kwanza. Mmoja husema habari za mtandaoni zimekuwa bure tangu hapo, sasa tamaa hii imetoka wapi. Mwingine husema bando amenunua kwa pesa yake, kwa nini alipe mara ya pili. Yupo pia wa tatu, ambaye halalamiki kabisa. Huyu hulipa, akapakua gazeti zima na kulimwaga kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kwa imani kwamba alichonunua ni chake na anaweza kukifanyia atakavyo.

Wote watatu wanagusa jambo la kweli, lakini wote wamelishika upande usiofaa. Njia nzuri ya kulielewa ni kurudi nyuma hadi miaka ya 1980 na 1990 huko Marekani na Kanada, wakati habari za kielektroniki zilipokuwa zikitafuta soko lake. Karibu kila tunachobishania leo kilijaribiwa wakati ule, na mara nyingi matokeo yake yanajulikana.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo mazungumzo ya mitaani huyachanganya. Kuna muunganisho, yaani njia inayokuwezesha kufika mtandaoni: laini ya simu, modemu, bando, waifai ya ofisini. Kuna maudhui, yaani habari yenyewe, ambayo kuna mtu aliyeifuatilia, aliyeiandika na aliyeihariri. Halafu kuna usajili, yaani makubaliano ya kulipa kwa kipindi fulani, mwezi au mwaka, ili maudhui yaendelee kukufikia bila kulipia kila habari peke yake. Tuongeze na mashirika ya habari kama Associated Press, Reuters na United Press International, lile lililofahamika kama UPI. Hayo kwa miaka mingi hayakuwa na shughuli na msomaji wa kawaida. Yaliuza habari kwa magazeti, redio na televisheni, zikaingia kwenye vyumba vya habari kwa waya, hadi kwenye teleprinta iliyotapika karatasi usiku na mchana. Msomaji alizipata kesho yake, zikiwa zimechujwa na mhariri na kuchapwa gazetini.

Swali la miaka ile lilikuwa hili: itakuwaje waya ule ukiruka chumba cha habari na kufika moja kwa moja kwa msomaji?

Walipouza saa

Julai 1980, gazeti la Columbus Dispatch la jimbo la Ohio lilianza kusomeka kwenye kompyuta za nyumbani kupitia kampuni ya CompuServe, ambayo nayo ilikuwa ya mji huo huo wa Columbus. Lilikuwa la kwanza katika jaribio lililoyaunganisha Associated Press na magazeti 11. San Francisco Examiner lilikuwa miongoni mwao, na ripoti ya televisheni ya mwaka 1981 iliyoonyesha jinsi lilivyopokewa inafaa kutazamwa na kila anayedhani mambo haya yalianza bure.

Msomaji alipiga namba ya simu kwa mkono, akausikiliza mlio, kisha akaulaza mkono wa simu juu ya modemu yenye vikombe viwili vya mpira, kimoja cha kusikilizia na kingine cha kusemea. Kompyuta yake iliongea na ile ya mbali kwa sauti, kupitia laini ile ile ya kuongelea. Modemu za kawaida za wakati huo zilibeba biti 300 kwa sekunde, ambazo ni herufi kama 30. Piga hesabu: habari ya herufi 3,000, yaani kurasa moja na nusu hivi za kuchapa, ilihitaji sekunde 100 kujiandika mstari kwa mstari kwenye kioo. Maandishi ya gazeti zima yalichukua zaidi ya saa mbili. Picha, vibonzo na matangazo havikuwemo.

Gharama ilikuwa dola 5 kwa saa. Kwa hiyo aliyetaka kupokea gazeti zima alilipa zaidi ya dola 10, ilhali gazeti hilo hilo la karatasi liliuzwa mtaani kwa senti 20. Mtangazaji aliyesoma ile ripoti hakuwa na sababu ya kusema gazeti la karatasi liko hatarini, na hakusema.

Tazama kilichokuwa kinauzwa hapo. Msomaji hakununua habari, alinunua muda wa kukaa kwenye laini. Akisoma polepole alilipa zaidi. Mwenye macho mepesi alilipa kidogo. Muunganisho na maudhui vilikuwa vimefungwa katika bili moja, na ndiyo maana hadi leo wako wanaoamini kwamba anayelipia bando amelipia pia kilichomo. Wakati ule wangekuwa sahihi. Jaribio la Associated Press na magazeti yake lilimalizika 1982, lakini mtindo wa kutoza kwa saa uliendelea kwenye huduma za aina hiyo kwa miaka mingi. America Online, kubwa kuliko zote, iliachana nao Desemba 1996 tu, ilipoanza kutoza dola 19.95 kwa mwezi bila kuhesabu saa.

Kulikuwa na waliojaribu kwa mtaji mkubwa zaidi. Kampuni ya magazeti ya Knight-Ridder ilizindua Viewtron huko Florida kusini mwaka 1983, ikitaka kila nyumba inunue kifaa maalumu cha kuunganisha na televisheni, chenye bei ya dola 600, kisha ilipie na huduma juu yake. Ilifungwa Machi 1986, ikiwa imemeza kiasi cha dola milioni 50. Watu hawakukataa habari. Walikataa kununua chombo cha gharama kwa ajili ya jambo ambalo redio na gazeti vilishawapa kwa bei ndogo.

ClariNet, mahali pesa ilipojificha

Sura ninayoiona muhimu kuliko zote, na ambayo haitajwi sana, ilianza 1989 huko Waterloo, Kanada. Brad Templeton, mtaalamu wa programu za kompyuta, alianzisha kampuni iliyoitwa ClariNet. Aliingia mkataba na UPI, akachukua habari zao na kuzisambaza kwa usajili kupitia Usenet.

Usenet ilibuniwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, mwaka 1979, na kuanza kazi mwaka uliofuata. Haikuwa tovuti, maana tovuti hazikuwepo. Ilikuwa mtandao wa kompyuta za vyuo na kampuni zilizopeana ujumbe zenyewe kwa zenyewe: ya hapa ikaipa ya pale nakala ya kila kitu kipya, ya pale ikaipa ya mbele yake, hadi ujumbe mmoja ukaenea duniani. Ujumbe ulipangwa katika makundi kulingana na mada. Msomaji hakwenda kuufuata mbali, aliukuta kwenye kompyuta ya chuo chake, ukakaa siku kadhaa, kisha ukafutwa ili kupisha mwingine.

Templeton aliona bomba hilo linafaa kupitisha habari za waya. Mitambo yake ilipokea habari za shirika, ikazisoma alama zake, ikazipanga katika makundi yaliyoanza na neno clari: biashara huku, michezo kule, habari za dunia kwa kanda. Baadaye kulikuwa hata na kundi la Afrika Mashariki, clari.world.africa.eastern, kwa hiyo mwanafunzi wa Kitanzania au Mkenya kwenye chuo cha Marekani aliweza kusoma habari za kwao zikiwa na saa chache tu, badala ya kungoja gazeti la wiki iliyopita lililoletwa na mgeni.

Kuna kitu kimoja cha ufundi ninachokihusudu. Habari za waya hubadilika: saa nne wanatangazwa majeruhi kadhaa, saa sita idadi inasahihishwa, jioni serikali inatoa tamko. Usenet ilikuwa na mstari kwenye kichwa cha ujumbe ulioiagiza kompyuta inayopokea kwamba ujumbe huu uchukue nafasi ya ule wa zamani. ClariNet iliutumia kwa habari. Toleo jipya lilipofika, la zamani liliondoka lenyewe, na msomaji hakukuta matoleo matano ya habari moja yakipingana. Gazeti la karatasi halikuwahi kuwa na uwezo huo.

Sasa twende kwenye pesa. Mtandao mkuu wa Marekani wa wakati huo, NSFNET, uliendeshwa kwa fedha za serikali kupitia taasisi ya taifa ya sayansi, na masharti yake yalizuia biashara, isipokuwa shughuli zinazosaidia utafiti na elimu. Hilo lingeweza kuiua kampuni kabla haijatambaa. Lakini wateja wa ClariNet walikuwa vyuo vikuu, maabara na kampuni za utafiti, na habari zilikuwa huduma kwa kazi yao. Kwa mlango huo biashara ikapita. Ndiyo sababu ClariNet hutajwa miongoni mwa kampuni za mwanzo kabisa, na Templeton mwenyewe husema ni ya kwanza, kuanzishwa zikiwa zimeifanya intaneti kuwa uwanja wake wa biashara.

Mnunuzi basi alikuwa taasisi, si mtu mmoja mmoja. Chuo kilitia saini mkataba, bei ikategemea ukubwa wake, na kompyuta yake ikaanza kupokea makundi ya clari. Wanafunzi na walimu wote wakasoma bila kuombwa chochote. Ni sawasawa na nyumba ya kupanga ambayo bili ya maji iko kwa mwenye nyumba: mpangaji anafungua bomba asubuhi, anajaza ndoo, na akikaa miaka miwili mitatu anaanza kuamini kwamba mtaa ule maji ni bure.

Hapo ndipo imani ya kwamba habari za mtandaoni zimekuwa bure tangu mwanzo ilipopata mizizi, angalau kwa kizazi cha kwanza cha watumiaji wa intaneti, ambao wengi wao walikuwa watu wa vyuoni. Hawakuona bili, na kwa mtu asiyeona bili hakuna bei. Kampuni ilikuja kusema kwamba wanaosoma kwa usajili wake wa kulipiwa wamepita milioni 1. Ukiwauliza wengi wao wangekuambia hawajawahi kulipia habari maishani.

Alichonunua msomaji

Templeton alilazimika kushughulika mapema na yule msomaji wetu wa tatu, anayesambaza. Kwenye Usenet kunakili ndiyo ilikuwa kazi ya mtandao wenyewe, na wazo la kwamba ujumbe fulani usivuke mpaka wa chuo liliwashangaza wengi. ClariNet ilikuwa pia na makala za safu, zikiwemo za mwandishi wa vichekesho Dave Barry, aliyependwa sana Marekani. Watu walizisambaza kwa marafiki wasiolipia, rafiki kwa rafiki, hadi mwaka 1994 wenye haki wakaiondoa safu hiyo kwenye huduma. Waliokuwa wakilipa ndio walioikosa.

Anayelipia usajili ananunua ruhusa ya kusoma. Hakimiliki inabaki kwa aliyeandika au aliyechapisha. Unaruhusiwa kumsimulia jirani ulichosoma, maana tukio lenyewe halina mwenyewe: waziri akijiuzulu, kujiuzulu kwake ni mali ya kila mtu. Kinacholindwa ni maandishi, ile kazi ya kulipanga tukio katika maneno. Kuna wanaojitetea kwamba hawauzi, wanagawa tu. Hilo linaweza kupunguza ukubwa wa kosa, haliliondoi. Gazeti la karatasi lilipopita mikono sita kwenye kinyozi, ilikuwa nakala ile ile moja. Faili likitumwa kwenye kundi la watu 200 zimezaliwa nakala 200, na aliyetembea kilomita kadhaa kuitafuta habari hakupata senti hata kwa moja.

Bure iliingia lini?

Iliingia na wavuti, katikati ya miaka ya 1990, na iliingia kwa uamuzi wa makusudi. Kuongeza msomaji wa karatasi kunahitaji karatasi, wino na gari. Kuongeza msomaji wa tovuti hakugharimu karibu chochote, kwa hiyo wachapishaji wakakata shauri: tukusanye wasomaji wengi kadiri inavyowezekana, kisha matangazo yatalipa. Wakati huo karatasi ilikuwa bado ina faida nono, na faida hiyo ndiyo iliyolipa mishahara ya waandishi ambao kazi yao ilimwagwa mtandaoni. Bure ile ilikuwa na mlipaji. Alikuwa msomaji wa karatasi na mwenye tangazo.

Hata hivyo haikuwa kwa wote. New York Times lilipofungua tovuti yake Januari 1996, Wamarekani walisoma bure kwa kujiandikisha, lakini msomaji wa nje ya Marekani alitakiwa kulipa dola 35 kwa mwezi. Mswahili wa London au Muscat aliyetaka kulisoma alikutana na ukuta wa malipo miaka 25 kabla neno hilo halijaanza kutukera. Utaratibu huo haukudumu. Mwaka huo huo Wall Street Journal lilifungua tovuti, likaanza bila malipo, kisha likaweka bei ya dola 49 kwa mwaka. Jarida la Slate la Microsoft lilijaribu kutoza dola 19.95 kwa mwaka kuanzia 1998 na likasalimu amri mwaka uliofuata.

Kwa nini moja likasimama na jingine likaanguka? Wall Street Journal lilisomwa na watu ambao kuchelewa kupata habari ya soko kungewatia hasara, na mara nyingi mwajiri ndiye aliyelipa. Slate lilikuwa na maandishi mazuri ya siasa na utamaduni, lakini jirani yake alikuwa na ya kufanana naye bila malipo. Ubora peke yake hauwezi kuuza usajili. Msomaji hulipia kile ambacho akikikosa ataona pengo, na asichoweza kukiokota kwingine.

Huku kwetu hadithi ilikuwa na sura nyingine. Mwaka 1994 Wakenya watatu waliosoma Marekani, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, walianzisha Africa Online, na kwa Wakenya wengi intaneti iliingia kupitia kampuni kama hiyo. Lakini mwaka 2000 msomaji wa kawaida wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam hakuwa na kompyuta. Alikwenda intaneti kafe, akapewa mashine, saa ikaanza kuhesabu, akafungua kurasa zilizojaa polepole huku akitupia jicho dakika zake. Tovuti ilikuwa bure. Yeye alikuwa analipa kwa dakika, kama yule wa San Francisco wa 1981, isipokuwa safari hii pesa ilikwenda kwa mwenye kafe na kampuni ya simu, na gazeti lililoandika habari halikupata kitu. Bando la simu limerithi utaratibu huo huo. Unaponunua data umelipia barabara. Mwandishi aliyekwenda mahakamani asubuhi, akakaa hadi jioni akisikiliza kesi unayoisoma, hayumo kwenye bei hiyo.

Kwa hiyo swali la "nilipe mara ya pili kwa nini" ni la haki, na jibu lake ni kwamba mara ya kwanza ulimlipa mtu mwingine. Anayestahili kulalamikiwa, nadhani, ni mfumo uliompa mwenye njia pesa yote.

ClariNet yenyewe iliuzwa mwaka 1997. Wavuti ilikuwa imewazoesha wasomaji picha, rangi na kubofya, na Usenet ikabaki kwa waliozoea maandishi matupu. Lakini utaratibu wake wa kumtoza mwenye nyumba badala ya mpangaji haukufa nayo. Majarida ya kitaaluma yanaishi kwa huo hadi leo: maktaba ya chuo inalipa, mwanafunzi anasoma.

Nashangaa magazeti ya Afrika Mashariki hayausukumi kwa nguvu. Nguvu zote zimewekwa kwa mtu mmoja mmoja, aombwe malipo kwenye simu, mtu ambaye shilingi 50 yake ina kazi tatu zinazoisubiri. Chukua chuo chenye wanafunzi 10,000. Kikilipa shilingi 100 za Kenya kwa kila mwanafunzi kwa mwaka mzima, gazeti linapata milioni 1 kwa mkataba mmoja, bila kuhangaika na malipo 10,000 yanayokatika katikati ya mwezi. Mwanafunzi hatakuwa na sababu ya kuiba faili, na jina la mkutubi aliyetia saini litakuwepo kwenye mkataba kama kuna la kuulizana. Vipo vyuo vya ualimu, hospitali za rufaa, vyama vya ushirika, halmashauri. Wengi wa hao tayari hununua nakala za karatasi kwa ajili ya meza ya mapokezi, na bajeti ya magazeti wanayo.